Mkeka wa Mlangoni mwa Hema

Mimi si mtu wa kubembeleza watu. Ningekuwa na kipaji hicho ningeuza vitenge, nisingeshona. Nimekaa nyuma ya cherehani hapa sokoni Bariadi mpaka wateja wameuzoea mdomo wangu, na mtu akileta kitambaa kifupi akataka gauni refu namwambia hapo hapo aongeze kitambaa au apungue yeye. Kwa hiyo kilikuwa kichekesho pale kamati ya wazazi wa skauti iliponipa kazi ya kutafuta watu wa kujitolea. Walinipa kwa sababu nilikuwa nashona skafu za watoto. Waliona anayeshona skafu naye ni skauti, basi yakaishia hapo.

Kundi letu ni la shule ya msingi ya mtaani kwetu. Kila mwezi wa sita, shule zikifungwa, watoto wanapanda lori kwenda kambi Maswa, wanakutana na makundi mengine. Kambi ya watoto haijiendeshi. Anatakiwa wa kupika ugali, wa kusimamia maji na kuni, anayejua kufunga kidonda, na mwenye pikipiki wa kumkimbiza mgonjwa zahanati. Malipo hakuna. Na mwezi wa sita kwetu ni pamba. Mtu pamba yake imefunguka shambani, anaogopa mifugo isiingie, wewe unamwendea unamwambia aiache akawapikie watoto wa wenzake. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kila mmoja aliweka dole gumba. Siku ya kikao tulikuwepo mimi, mwalimu wa skauti na madawati.

Nafasi moja tu sikuwahi kuitafutia mtu, ile ya mlezi wa wasichana. Hiyo ilikuwa ya wifi yangu.

Wifi ni dada wa mume wangu. Alifiwa na mumewe mapema, akarudi kukaa kiwanja cha nyuma ya kwetu, na binti yake alipokwenda kutafuta maisha Mwanza akamwachia mtoto amlee. Alikuwa mnene, mpole, mwenye kucheka kwa tumbo. Kila nilichokifanya kwa ukali yeye alikifanya kwa kucheka, na watu wakakubali. Mimi nikimwomba mtu kuni, ananiuliza kamati imekula hela gani. Wifi akimwomba yule yule, anazileta kwa baiskeli na samahani juu.

Watoto walimwita Mama Kambi. Alikuwa na mkeka wake wa ukindu, na wakifika kambini alikuwa anautandika mlangoni mwa hema la wasichana, umekingama mlango, analala hapo. Wageni waliona anajitesa bure wakati ndani kuna nafasi. Hawakuelewa. Kwetu huwezi kumruka mtu mzima aliyelala. Hata mtoto hamruki bibi yake. Sasa msichana anayetaka kutoka itabidi amwamshe, na anayetaka kuingia itabidi amwamshe. Hakuwahi kufunga zipu ya hema wala kuhesabu watoto kwa tochi. Alikuwa anaamshwa, anajikusanya, anamsindikiza mtoto chooni, anarudi analala. Wazazi walilijua hilo. Baba aliyekuwa hamruhusu binti yake hata kwenda kwaya, alimruhusu kambi kwa sababu ya ule mkeka.

Mwaka ule wifi alianza kupungua. Nguo nilizomshonea mwenyewe nikawa nazibana ubavuni, halafu nazibana tena. Mume wangu na kaka zake wakampeleka Mwanza. Waliporudi, wanaume waliketi uani, mimi nikawapelekea chai, na hapo ndipo nilipolisikia lile neno: kansa ya shingo ya kizazi, imeshasambaa. Daktari alikuwa amewaambia wamrudishe nyumbani, wampe dawa za maumivu.

"Asiambiwe," alisema mume wangu. "Akiambiwa atakata tamaa."

Kaka zake wakaitikia. Na mimi nikaitikia, kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Mgonjwa haambiwi. Mgonjwa anaambiwa ni vidonda vya tumbo, ajitahidi kula. Kila aingiaye anakaa kitandani anasema leo uso una nuru, halafu anatoka nje anashika ukuta. Tulimwambia vidonda vya tumbo. Akasema haya, akaomba uji usio na limao.

Mwezi wa nne mwalimu wa skauti alipita dukani kwangu. Ni kijana mtaratibu, ukimwona unadhani anaogopa kukanyaga ardhi. Aliniuliza habari za mgonjwa kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikajua kuna jambo.

"Mama, bila mlezi wa kike wasichana hawatakwenda," alisema. "Ni taratibu. Na hata taratibu zingeruhusu, wazazi hawatawatoa."

Nilimwambia aniachie. Mjukuu wa wifi alikuwa darasa la saba, yeye na wenzake kadhaa. Kwetu skafu huvaliwa kambini, mbele ya moto, baada ya mtoto kutamka ahadi yake, na mwaka ule ndio ulikuwa wa mwisho kwao. Mwezi wa tisa wanafanya mtihani wa taifa, wanatawanyika. Wengine wanakwenda sekondari. Wengine, sisi tunajua, ng'ombe wa mahari wanakuwa wameshaanza kuzungumziwa. Skafu zao nilikuwa nimeshazishona, ziko kwenye mfuko wa sandarusi chini ya meza yangu.

Mimi mwenyewe nisingeweza kwenda, mgonjwa alikuwa mikononi mwangu. Nikaanza kuzunguka. Nilikwenda kwa mama mmoja muuguzi, akasema zamu zimebana. Nikaenda kwa mwanakwaya mwenzake wifi, akasema pamba. Nikaenda kwa mwingine ambaye hana hata mche mmoja wa pamba, naye akasema pamba. Hapo hasira zikanipanda. Nilimuuliza ameilima juu ya bati au wapi.

Wa mwisho alikuwa muuza dagaa, jirani yangu wa meza sokoni. Kwao ni Sapiwi, mwanamke mwenye mikono mikavu na maneno machache. Miaka miwili mfululizo alikuwa amekwenda kambini na wifi kama mpishi, watoto wanamjua, hana mtoto mchanga wala mume wa kumzuia. Nilijua huyu hawezi kunipiga chenga.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila."

Nikamweleza. Alikuwa anapepeta dagaa kwenye ungo, hakuacha.

"Kupika nitakwenda," alisema. "Mahali pake sikai."

"Kwa nini?"

"Dada, mwenye mahali bado anapumua."

Nilimwambia aache ujinga, hii ni skauti siyo kurithi mji. Akaweka ungo chini, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Wewe ni wifi yake, hawatakugusa," alisema. "Mimi nikalale kwenye mkeka wake mwezi huu, na yeye afe mwezi huu. Watu watasemaje? Watasema nilikuwa nausubiri. Watasema ndiyo maana aliugua, nilimroga. Neno moja tu likisemwa pale kwenye mashine ya kusaga, mimi sina pa kukaa tena. Nimeona mwanamke alivyofanywa kwa neno moja."

Mimi mwenyewe nimeona. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba pamba yote niliyotajiwa ilikuwa ni hofu hiyo hiyo.

"Akinipa mwenyewe kwa mdomo wake, nitakwenda," alimalizia. "Vinginevyo usinisumbue."

Sasa ona nilivyobanwa. Ili wasichana waende, wifi alitakiwa amkabidhi mwenzake. Ili amkabidhi, mtu alitakiwa amwombe. Na kumwomba mgonjwa akabidhi kazi ya mwezi wa sita, wakati kila siku tunamwambia mwezi wa sita atakuwa amesimama, ni kumwambia atakufa. Mume wangu nilimgusia. Akasema, "Unataka kumwua dada yangu kwa ajili ya safari ya watoto?" Hakuisema kwa ukali, aliisema macho yamejaa maji.

Hata hivyo nilikwenda. Nilikwenda asubuhi moja nimejiandaa, maneno nimeyapanga tangu nikipiga mswaki. Nikamkuta wifi ameketi kitandani, mto nyuma ya mgongo, amemtuma mjukuu autoe mkeka nje upigwe jua.

"Una kunguni huu," alisema. "Mwaka jana nimejikuna mpaka Maswa nzima ikanijua." Akacheka, cheko likamwuma, akasubiri lipite. "Wifi, mwezi wa sita nitakuwa nimesimama. Si ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Nikasema tena uso una nuru. Nikachukua mkeka nikaenda kuupiga kwa fimbo pale kwenye kamba, nikaupiga mpaka jirani akachungulia.

Mwalimu aliahirisha kuwatangazia wasichana kwamba hawaendi mpaka siku za mwisho kabisa. Wazazi hawakulalamika. Nadhani wote walijua, na wote walikubali kwa heshima ya mgonjwa, na heshima yetu hiyo ndiyo iliyowaacha wale watoto. Mjukuu wa wifi hakulia mbele yetu. Aliulizwa na bibi yake kama amefungasha, akasema amefungasha. Tulikuwa tumemfundisha na yeye.

Asubuhi ya safari nilikuwa chumbani kwa wifi, nambadilisha shuka. Tulikuwa tumekwisha kumwambia kwamba mama muuguzi amekubali kushika nafasi yake kwa mwaka huo tu. Mjukuu tulimpeleka kwa shangazi yake Lagangabilili ili asionekane. Tulikuwa tumefikiria kila kitu.

Lori la kambi hupita barabara ya mbele ya kwetu, na watoto huimba tangu linapowashwa pale shuleni. Kiongozi anaanzisha, wavulana wanapokea, na wasichana wanaingia juu kabisa, ule mlio wa mwisho unaopanda mpaka mtu anatoka dukani kuangalia. Wifi alininyooshea kidole ninyamaze. Lori likaja. Likapita. Vumbi likaingia dirishani kidogo.

"Wasichana hawaimbi," alisema.

Nikajifanya natafuta pini.

"Wifi. Wasichana hawamo."

Nikasema labda wamechoka, labda upepo. Aliniangalia tu. Alikuwa amekonda hata macho yamekuwa makubwa, na hayakuwa na hasira.

"Mlikosa wa kukaa mahali pangu," alisema. "Wameogopa."

Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda na shuka langu mikononi.

"Kwa nini hamkuniambia nimpe mtu?"

"Tungekuambiaje?"

"Mlifikiri mimi sijui?" alisema taratibu. "Niliosha maiti ya mama mdogo aliyekufa kwa ugonjwa huu huu. Nilijua kabla sijapanda gari la Mwanza. Kaka yangu alipokuja na vidonda vya tumbo nikamwonea huruma, nikasema haya, ni vidonda vya tumbo. Niliwanyamazia ninyi msife moyo."

Nililia. Sikulia kwa staha, nililia kama niliyepigwa. Tulikuwa tumekaa miezi yote ile pamoja, sisi tunamficha yeye, na yeye anatuficha sisi kwamba anajua tunachomficha. Na kwa ajili ya huo upole wa pande zote mbili, wasichana walikuwa wamekaa majumbani wanasikiliza lori likienda. Neno moja tu lingetosha. Yeye alikuwa nalo tayari mdomoni, anasubiri aombwe.

"Mjukuu wangu yuko wapi?" aliuliza.

"Lagangabilili."

"Mrudisheni," alisema. "Na niitie muuza dagaa."

Alikuja jioni ile ile, maana wasichana walipobaki naye alikataa kwenda kupika, akavua kandambili mlangoni. Hakutaka kiti, alikaa sakafuni. Wifi alimwambia aukunjue ule mkeka akae juu yake. Mwenzake akasita, mkono umeshika ukingo wa mkeka kama kitu cha moto.

"Kaa," alisema wifi. "Ninakupa mimi. Wifi yangu huyu hapa anasikia."

Akakaa. Lori la mwaka ule lilikuwa limeshakwenda, kwa hiyo wifi akaanza kumfundisha kwa ajili ya kambi zijazo. Alifundisha siku ile mpaka akachoka, akamwita tena kesho yake, na tena. Kwamba ulale kichwa upande wa zipu ya hema, miguu upande wa upepo. Kwamba ubebe vitambaa vya ziada, maana daima kuna binti ambaye siku zake zitamkuta kambini kwa mara ya kwanza, naye hatasema, ataomba tu kubaki hemani, na wewe usimuulize mbele ya wenzake. Kwamba anayesema haogopi giza ndiye umshike mkono. Kwamba wakiimba usiimbe nao, kaa mbali usikilize, maana sauti ikipungua utajua kuna anayelia. Muuza dagaa aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa anajifunza kama anayepokea mtoto wa mtu.

Alipotoka siku ya mwisho, aliniomba pale mlangoni nisimwambie mtu bado. "Mpaka…" alisema, akashindwa kuimalizia. Nikamwambia nimeelewa.

Wifi alikufa mwezi wa nane, pamba imeshauzwa.

Na hapa nataka niseme jambo ambalo bado linanikaa kooni. Sikumwita mtu hata mmoja kwenye ule msiba. Kabla sijamaliza kufunga kanga kichwani, kuni zilikuwa zimeshashushwa uani. Aliyekosa muda kwa sababu ya zamu alikuwa amefika na masufuria makubwa mawili. Wa pamba alikuwa anachota maji. Mwenye pikipiki, yule niliyempigia simu mpaka vocha ikaisha, alikuwa anapeleka taarifa vijijini kwa mafuta yake. Ugali ulipikwa, watu walikula, vyombo vilioshwa, zamu za kulala na wafiwa zilijipanga zenyewe. Nilisimama katikati ya uani nikaangalia. Kila nafasi niliyoitafutia mtu kwa ajili ya watoto wake wa kambi ilikuwa imejaa, na kila aliyepita aliniambia pole kwa dhati kabisa. Hawakuwa watu wabaya. Ningewachukia ningepumzika.

Siku ya mazishi watu walizidi mikeka. Mama mmoja aliingia chumbani kwa marehemu, akatoka na ule mkeka wa ukindu uliokuwa umesimama nyuma ya mlango, akataka kuwatandikia wageni.

"Huo hapana," ilisikika sauti. "Huo ni wa kambi."

Alikuwa muuza dagaa, ameinuka kutoka kwenye masufuria, mikono ina unga.

"Nani kasema?" aliuliza yule mama, bila ugomvi.

Uani palikuwa pamejaa. Walikuwepo wa mashine ya kusaga, wa kanisani, wa sokoni, wa Sapiwi waliokuja kwa gari la pamoja. Nilifungua mdomo nimsaidie, akanionyesha kiganja nisiseme.

"Nimesema mimi," alijibu. "Mimi ndiye mlezi. Alinipa mwenyewe akiwa hai."

Jicho moja lilitafuta jingine, nikaliona lile neno likipita juu ya vichwa vyao, likitafuta mdomo wa kutokea. Halikutoka. Mume wangu, aliyekuwa ameketi na wanaume karibu na jeneza, alisimama, akauchukua mkeka kwa yule mama, akaukunja, akampa muuza dagaa. Kisha akarudi kukaa.

Skauti walikuwa wamejipanga kusindikiza, wavulana mbele na skafu zao shingoni. Wasichana walikuwa nyuma na mashati matupu, maana kambi hawakwenda. Mjukuu wa wifi alikuwa wa mwisho kabisa, amejificha kwa mwenzake. Muuza dagaa akawaangalia, akaniangalia.

"Ziko wapi?" aliniuliza.

Nilikimbia sokoni na miaka yangu hii. Niliporudi na mfuko, mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa taratibu ahadi hutamkwa kambini. Akavuta pumzi, akasema, "Lakini mlezi akisema wavae, wavae."

"Wavae," alisema muuza dagaa.

Tuliwafunga mimi na yeye, mmoja mmoja, vidole vyake vikiacha unga kwenye kola zao. Wakapelekwa mbele. Jeneza liliponyanyuliwa, kiongozi akaanzisha, wavulana wakapokea, na wasichana wakaingia juu kabisa, mpaka wanaume waliokuwa kaburini wakasimama na majembe yao. Muuza dagaa alikaa pembeni, haimbi, anawasikiliza. Mimi nilitembea nyuma ya jeneza, mkono wangu juu ya ubao, nikijua aliyekuwa akitaka kuwasikia siku ile ya lori hawezi kuwasikia tena.